Binti yangu anarudia kidato cha nne akisomea nyumbani. Nimpangie vipi mwaka wake?

SWALI

Assalaam alaykum mwalimu. Nakuandikia kutoka Kangagani, Pemba. Binti yangu ana miaka 17. Kafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka jana, kapata Daraja la Nne, pointi 27. Kiswahili C. Kiingereza, Biolojia, Kemia, Jiografia, Uraia na Dini zote D. Fizikia, Hisabati na Historia F. Moyo wake uko kwenye uuguzi, hajapata kutaja kazi nyengine. Pesa ya skuli ya binafsi hatuna, na twisheni ya Wete kila siku nauli tu inatushinda. Nimeona kwenye simu familia za Marekani zinasomesha watoto wao wakubwa nyumbani, mzazi ndiye anayepanga kila kitu. Nami nataka asomee nyumbani, arudie masomo yote kumi Novemba. Lakini mimi nilikomea darasa la saba. Nitampangia vipi?

JIBU

Waalaykumu salaam, mama. Nianze na jambo linalobadilisha mpango wako wote: binti yako hana haja ya kurudia masomo kumi. Mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia, yule ambaye watoto wenyewe wanasema "anarisiti", huchagua masomo anayotaka kuyatengeneza. Yale aliyofaulu yanabaki kwenye cheti chake cha kwanza, na wakati wa kuomba chuo huvitoa vyeti vyote viwili. Basi usimrudishe kwenye Uraia na Historia kwa sababu tu yalikuwemo kwenye ratiba ya skuli. Kila saa atakayoipeleka huko ataikosa kwenye Fizikia, na Fizikia ndiyo iliyomfungia mlango wa uuguzi.

Tuutazame mlango wenyewe. Sharti la kuingia stashahada ya uuguzi kwa aliyetoka kidato cha nne ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu ni D kwenda juu. Hisabati na Kiingereza humwongezea muombaji nguvu. Kwa hiyo binti yako ana mbili kati ya hizo tatu, amebakisha D moja. Ukisoma sharti peke yake unaweza kusema arudie Fizikia tu. Mimi siungi mkono hilo. Nafasi za vyuo hugombaniwa, na mwenye D tatu atakaa nyuma ya mwenye C. Tena Kemia na Biolojia kwake zimo ndani ya uwezo, kwa sababu D aliyonayo inaonyesha msingi upo.

Mimi ningemsajili masomo matano: Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza. Alama za mtihani huu zinajulikana: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Weka malengo kwa tarakimu, si kwa maneno ya "ajitahidi". Biolojia 50, Kemia 45, Kiingereza 45, Fizikia 40, Hisabati 35. Hizo mbili za mwisho nimezipandisha juu ya 30 kwa makusudi, maana anayelenga 30 hupata 26. Akifanikiwa kuvusha C kwenye Kemia, Biolojia na somo la tatu, hata kidato cha tano kinaweza kufunguka, lakini hilo lisimshughulishe sasa.

Kuhusu hao wa Marekani. Unayoyaona ni kweli: kusomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yao yote 50, kila jimbo na sheria zake. Mzazi wa kijana wa umri wa bintiyo, ambaye huko anakuwa darasa la 11, hupanga masomo, husahihisha, huandika alama, na mwisho hutoa yeye mwenyewe karatasi ya matokeo ya miaka minne ambayo vyuo vikuu huipokea, mara nyingi pamoja na mtihani wa kuombea vyuo kama SAT. Ule mwaka wa 11 wanaupanga kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ndio vyuo vinaoutazama. Chukua kwao nidhamu ya kupanga mwaka kabla haujaanza na kuweka kazi zote za mtoto kwenye jalada moja. Mamlaka yao usiyachukue, kwa sababu kwetu hayapo. Hapa alama ya mzazi haisomwi na mtu. Hata alama za maendeleo, zile ambazo skuli humwekea mwanafunzi wake, mtahiniwa wa kujitegemea hana. Anasimama na karatasi yake ya Novemba tu. Kwa hiyo mpango wa nyumbani kwetu unapangwa kutoka Novemba kurudi nyuma, na kila wiki inapimwa kwa swali moja: ingekuwa leo ndio mtihani, angepata ngapi?

Hapo ndipo penye tatizo la kusomea nyumbani, na nataka ulisikie vizuri kwa sababu wewe umejilaumu kwa kukomea darasa la saba. Upungufu wa nyumbani hauko kwenye elimu yako. Vitabu vinapatikana, na bintiyo alikwishafundishwa miaka minne. Kinachokosekana nyumbani ni msahihishaji. Watoto wanaosomea nyumbani wakaanguka mara ya pili, wengi hawakuanguka kwa uvivu. Walisoma. Daftari limejaa, maelezo yamepigiwa mistari kwa kalamu za rangi. Lakini toka Februari mpaka Novemba hakuna mtu aliyelishika jibu lao akalitia alama.

Nikuonyeshe ninavyoliona mimi. Swali la Biolojia linataka tofauti tatu kati ya ateri na vena. Mtoto anaandika: ateri hutoa damu kwenye moyo, vena huirudisha kwenye moyo, damu ya ateri inakwenda, ya vena inarudi, ateri inaanzia moyoni, vena inaishia moyoni. Ukimsikiliza, hajasema uongo. Lakini ameandika tofauti moja mara tatu, na msahihishaji atampa alama ya moja. Hakugusa unene wa kuta, hakugusa upana wa tundu, hakugusa vali, hakugusa msukumo wa damu. Akiwa peke yake chumbani, mtoto huyu anajipa alama zote tatu na kufungua ukurasa mwengine, na Novemba atafanya hivyo hivyo. Akikutana na mwalimu mmoja mwenye kalamu nyekundu akamwambia "hii ni moja, zilizobaki ziko wapi?", harudii tena.

Basi ile pesa kidogo uliyonayo, usiimalize kwenye twisheni ya kila siku. Lipia usahihishaji. Mwalimu wa Fizikia wa skuli ya sekondari ya jirani hana wakati wa kumfundisha binti yako kila jioni, lakini karatasi moja kila baada ya wiki mbili ataipokea, ataisahihisha na atakaa naye nusu saa amwonyeshe alipopotea. Mtafute wa Fizikia na Hisabati mmoja, wa Kemia na Biolojia mmoja. Kiingereza, hata kijana wa mtaani aliyeko chuo kikuu anaweza. Kama huwajui walimu, nenda Wete, Kituo cha Walimu Mitiulaya, ukaulize. Walimu wa sayansi wa wilaya wanajuana. Kubalianeni malipo kwa karatasi, si kwa mwezi, ili wiki ambayo mtoto hakuandika kitu usilipe, na mtoto aone kwamba hakuandika kitu.

Msahihishaji mwengine hana gharama ila vifurushi vya simu. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo peke yake. Humo swali moja moja linaelezwa: lilitaka nini, watahiniwa walifanya vipi, wapi walikosea, na zimo picha za majibu ya watahiniwa wenyewe kwa mwandiko wao, jibu zuri na jibu bovu. Nasikitika kila nikimkuta mtoto amemaliza kidato cha nne na hajawahi kuifungua. Kwa anayerudia, taarifa hiyo ina faida kuliko vitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa madukani, ambavyo vingine vina majibu ya makosa. Pale pale kwenye tovuti zimo mitihani iliyopita na fomati za mitihani. Hakikisha anatumia fomati na muhtasari wa mwaka atakaofanya yeye, kwa sababu mitaala yetu iko kwenye mabadiliko, na vitabu vya zamani na vipya vinauzwa meza moja. Vitabu vya kiada anaweza kuvisoma bure kwenye maktaba ya mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Na siku akiwa na safari ya Chake, apite maktaba.

Sasa nizungumze nawe kama mzazi mwenzangu, na usinichukulie vibaya. Msichana aliyemaliza skuli na yuko nyumbani, kila mtu anamwona hana kazi. Maji atateka yeye, mtoto wa dada atabeba yeye, mgonjwa hospitali atampeleka yeye, harusi ya jamaa atatangulizwa yeye siku tatu kabla. Hakuna hata moja ambalo ni baya. Lakini ukizijumlisha, kinachobaki kwa Fizikia ni saa ya usiku, mtoto kachoka, kichwa kinaangukia daftari. Kaka yake akiwa anarudia mtihani, nyumba nzima inajua kwamba anasoma. Yeye pia nyumba nzima ijue. Waite wanao, bibi yake akiwepo naye awepo, useme mbele yao: kuanzia saa 2 mpaka saa 6 mchana huyu yuko skuli. Hatumwi dukani, haitwi jikoni. Adhuhuri ikishaadhiniwa, yeye ni binti wa nyumba kama wenzake. Kwa uzoefu wangu, saa hizi nne za asubuhi zikilindwa, mpango uliobaki unakwenda. Zisipolindwa, hata mpango mzuri namna gani utabaki ukutani.

Kwa wiki nimekuhesabia hivi. Jumatatu mpaka Alhamisi, asome saa nne za asubuhi na saa nyengine moja baada ya isha. Ijumaa saa mbili tu za asubuhi kisha ajitayarishe na sala. Jumamosi saa tatu za asubuhi, na hizo ni za karatasi ya mtihani, hazina kazi nyengine. Jumapili apumzike kweli kweli. Alasiri zake za chuoni usizikate. Mtoto anayetolewa madrasa ili asome sana, mara nyingi najionea anapoteza utaratibu wa siku nzima. Toa karatasi ya Jumamosi, zinabaki saa 22: Fizikia 6, Hisabati 5, Kemia 4, Biolojia 4, Kiingereza 3. Fizikia na Hisabati ziwe asubuhi mapema, kichwa kikiwa kipya. Saa ya usiku iwe ya kusoma Biolojia au Kiingereza, kazi isiyohitaji kupiga hesabu.

Mwaka wenyewe una vipande vitatu. Sasa mpaka mwisho wa Aprili arudi kidato cha kwanza na cha pili. Ataona aibu, atakwambia haya nilishayasoma. Msimamie. Aliyepata F ya Fizikia kidato cha nne mara nyingi alipotelea kidato cha kwanza, kwenye vipimo, msongamano (density) na shinikizo, akawa anabeba pengo hilo miaka mitatu. Ramadhani miaka hii inaangukia Februari na Machi, imo ndani ya kipande hiki. Mpunguzie saa, asome baada ya alfajiri kabla jua halijapanda, na karatasi za Jumamosi zisimame mwezi huo. Mei mpaka mwisho wa Agosti ni kidato cha tatu na cha nne. Septemba na Oktoba hafungui mada mpya hata moja; ni karatasi za miaka iliyopita kwa saa ya ukutani, kusahihishwa, na kurudia palipovuja.

Kuna jambo ambalo ratiba zilizoandikwa Dar es Salaam hazilijui, nalo ni karafuu. Nusu ya pili ya mwaka ndipo zinapokubali, na ndipo binti yako anapohitaji utulivu zaidi. Wewe wajua kazi ilivyo: zinachumwa mchana, usiku watu wanakaa barazani wanachambua, asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, wingu likitanda kila mtu anakimbilia kuanua. Sikwambii umtoe kabisa, pesa ya karafuu ndiyo itakayomlipia chuo. Lakini kubalianeni kuanzia sasa, kabla msimu haujafika, kwamba kuchambua ni baada ya saa yake ya usiku, na kwamba Oktoba hachambui. Mkisubiri mpaka magunia yako mlangoni, hakuna atakayekumbuka makubaliano.

Nikae kidogo kwenye Fizikia, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Binti wa namna hii, mwenye F ya Fizikia na F ya Hisabati pamoja, kwa kawaida hana ugonjwa wa Fizikia. Ana upungufu wa hesabu tano au sita ambazo Fizikia inazitumia kila siku: kubadili vipimo, gramu kwenda kilogramu na sentimita kwenda mita, namba za kipeo cha kumi, uwiano, kuhamisha herufi kwenye kanuni mpaka ile inayotafutwa ibaki peke yake, kuchora grafu na kutafuta mteremko wake. Wiki tatu za mwanzo asiguse kitu ila hizo. Mwalimu wake ampe kanuni moja, kama ya msongamano, aigeuze pande zote tatu mpaka mkono uzoee.

Baada ya hapo aanze na mada zenye maelezo mengi na hesabu chache, ili zimpe moyo. Kidato cha nne kina elimu ya anga na jiofizikia: sayari, jua, mwezi na bahari kujaa na kupwa, matetemeko, volkano, matabaka ya dunia. Mtoto wa Kangagani, anayeona bamvua na maji mafu kila mwezi, hizi ni alama zake. Sumaku nayo, na uhamishaji wa joto, zinasomeka. Umeme wa sakiti rahisi ufuate. Lenzi na vioo vinataka michoro, na michoro ni mazoezi ya mkono: rula, penseli iliyochongwa, mara kumi, mara ishirini.

Vitendo vingine atavifanya nyumbani. Mwambie atundike jiwe dogo kwa uzi kwenye boriti ya baraza, uzi uwe na urefu wa mita moja kutoka ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe. Alisogeze pembeni kidogo, aliachie, ahesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Atapata karibu sekunde 40, yaani sekunde 2 kwa mzunguko. Aufupishe uzi mpaka sentimita 50, atapata karibu sekunde 28. Sentimita 25, karibu 20. Hapo atashangaa: uzi umepungua mara nne, muda umepungua mara mbili tu. Achukue vipimo vya urefu tano au sita, muda wa mzunguko mmoja auzidishe kwa wenyewe, achore grafu dhidi ya urefu, na mstari utanyooka. Huo ni mfano wa vitendo vya mtihani mwenyewe, jedwali, grafu, mteremko na kukokotoa mvutano wa dunia, na gharama yake ni uzi. Mtoto aliyefanya kwa mkono wake hakariri tena.

Kemia haina njia ya namna hiyo. Kupima tindikali kwa alkali kwa bureti na pipeti mpaka rangi igeuke, au kutambua chumvi isiyojulikana, lazima maabara. Kwa hiyo unapokwenda kumsajili, muulize mkuu wa kituo mpango wao wa vitendo kwa watahiniwa wa kujitegemea: siku zipi wanaingia maabara, nani anawasimamia, wanachangia nini. Kituo ambacho hakina jibu la wazi, tafuta chengine hata kama ni mbali zaidi. Nyumbani Kemia iwe ya milinganyo na hesabu za moli, kidogo kidogo kila siku, isirundikwe wikiendi. Biolojia ina vitendo vichache vya jikoni. Tone la iodini ya duka la dawa kwenye kipande cha muhogo linageuka buluu iliyokoza karibu na nyeusi, na kwenye nyama hakuna kitu. Hiyo ni njia ya kutambua wanga. Lakini tatizo la Biolojia, kama ulivyoona kwenye ateri na vena, ni kujibu.

Hisabati ina maswali 14 na yote ni ya lazima: kumi ya mwanzo alama 6 kila moja, manne ya mwisho alama 10 kila moja. Mpangilio wake hautikisiki sana mwaka kwa mwaka. Mtoto anayetaka 35 hahitaji kulishika lote. Achague: seti na uwezekano, takwimu, matriki, mpango mstari (linear programming), hesabu za biashara, mfuatano wa namba. Akizimiliki hizo kweli, anavuka 30 na zaidi. Jometri za duara na dunia aziache kwa wenye muda. Najua walimu wengine watanipinga, lakini huyu si mtoto anayeanza kidato cha kwanza. Ana miezi tisa na ana masomo mengine manne.

Kiingereza nimekiweka kwa sababu mbili, na kubwa ni ya pili. Ya kwanza ni alama yake mwenyewe. Ya pili ni kwamba Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati zote zinaulizwa kwa Kiingereza. Mtoto anajua kwa Kiswahili jinsi mmea unavyotengeneza chakula, lakini swali limemtaka atofautishe, yeye kataja. Limemtaka aeleze sababu, yeye kaorodhesha. Aandike maneno yote ya amri ya mitihani kwenye ukurasa wa mbele wa kila daftari, na kila moja aandike linataka jibu la namna gani. Na kila siku aandike aya moja ya Kiingereza juu ya alichosoma asubuhi. Aya moja tu, lakini kila siku.

Wewe kazi yako ipo, na darasa la saba linatosha. Usiku, mkiwa mmekaa, mwambie: "Nieleze ulichosoma leo." Akueleze kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kufungua daftari, mpaka uelewe. Ukiwa hujaelewa, mwambie hujaelewa, usimwonee huruma. Kitu ambacho hawezi kumweleza mama yake kwa lugha yake, mtihanini hatakiandika kwa lugha ya watu. Kisha uwe na daftari lako wewe, si lake. Andika tarehe, karatasi iliyofanywa, alama aliyopewa na mwalimu. Mwisho wa Juni fungua daftari hilo na mtazame pamoja. Fizikia ikiwa bado iko chini ya 25, toa saa mbili kwenye Biolojia uzipeleke huko. Hisabati ikiwa imekataa kabisa kuondoka kwenye kumi na kitu, basi iachieni mtihanini ije na itakachokuja nacho, saa zake zihamie Fizikia na Kemia. Uuguzi unataka Fizikia kabla ya Hisabati.

Simu iwe kwako asubuhi, apewe kwa kazi maalumu. Na nakuomba sana: Oktoba na Novemba zitazunguka jumbe za watu wanaouza "mitihani iliyovuja". Usitoe hata shilingi, wala usiruhusu bintiyo akae kwenye makundi hayo. Wengi wao ni matapeli. Na anayekamatwa na udanganyifu hufutiwa matokeo, jasho la mwaka mzima likaenda bure kwa karatasi ya uongo.

La usajili nimeliweka mwisho lakini lifanye wiki hii. Watahiniwa wa kujitegemea husajiliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwenye vituo vilivyokubaliwa na NECTA. Anayechelewa hulipa zaidi, na baada ya hapo mlango hufungwa mpaka mwakani. Achukue namba yake ya mtihani wa mwaka jana, cheti cha kuzaliwa na picha. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo atakayopewa, si mkononi mwa mtu. Kabla hajaondoka kituoni, aisome fomu herufi kwa herufi: majina yake matatu yawe yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama yalivyo kwenye matokeo ya mwaka jana. Kwetu jina moja linaandikwa Khadija hapa na Hadija pale, Omar hapa na Omari pale, na siku ya kuomba chuo vyeti viwili vyenye majina mawili humsumbua mtoto, akaanza kutafuta viapo mahakamani wakati wenzake wanaingia darasani. Pia masomo aliyosajiliwa yawe matano yale yale mliyokubaliana. Risiti ya malipo na fomu viweke wewe, kwenye jalada moja na daftari lako.